Tozo za barabara kuu ugenini: kizuizi kimegoma, kadi imekataliwa, faini imefika nyumbani

Matatizo mengi ya tozo ugenini yana mzizi mmoja: dereva alidhani yuko kwenye mfumo fulani, kumbe yuko kwenye mwingine. Kwa hiyo kabla ya kutafuta dalili yako hapa chini, tambua kwanza barabara uliyopita inalipiwa vipi.

Mifumo ni mitatu. Wa kwanza ni wa vibanda na vizuizi. Unachukua tiketi unapoingia na kulipa unapotoka kulingana na umbali, kama ilivyo sehemu kubwa ya Ufaransa, Italia na Croatia, au unalipa kiasi maalumu kila ukifika kituoni, kama Ugiriki. Wa pili ni wa vinyeti, yaani stika au kibali cha kidijitali: hulipii kilomita, unalipia muda. Huo ndio wa Uswisi, Austria, Slovenia, Czech, Slovakia, Hungaria, Romania na Bulgaria. Wa tatu ni wa kamera tupu. Hakuna kibanda wala pa kusimama. Namba ya gari inapigwa picha nawe unatakiwa kulipa mwenyewe mtandaoni ndani ya muda fulani. Huu ndio unaowaumiza watu, kwa sababu hakuna kinachokuzuia kupita bila kulipa.

Nchi moja inaweza kuwa na mfumo zaidi ya mmoja. Austria ina vinyeti, lakini Brenner kwenye A13 na mahandaki ya A10 Tauern yana tozo ya pembeni. Ufaransa ina vibanda karibu kila mahali, ila A13 na A14 kati ya Paris na Normandy sasa ni kamera tu. Ujerumani gari dogo halilipi tozo ya barabara kuu. Ile stika ya kijani inayotakiwa katika baadhi ya miji ni ya moshi wa gari, haina uhusiano na tozo.

Dalili: umefika kwenye kizuizi na hakifunguki

Kabla ya sababu, onyo, kwa maana hapa ndipo watu hujiumiza: usirudi rivasi. Uwanja wa kulipia ni sehemu ya barabara kuu, na nyuma yako kuna lori ambalo dereva wake hatazamii taa nyeupe za rivasi. Italia kosa hili lina adhabu kali kuliko tozo yoyote utakayodaiwa. Usishuke pia ukavuka njia nyingine kwenda kutafuta mhudumu. Washa hazadi, kaa ndani, shughulika na mashine iliyo mbele yako.

Sababu iliyozoeleka kuliko zote: umeingia njia ya wenye kifaa cha kielektroniki cha kulipia tozo bila kusimama. Ufaransa njia hiyo ina herufi "t" ya rangi ya machungwa. Ikiwa "t" iko peke yake, njia ni ya vifaa tu. Ikiwa pembeni yake kuna picha ya kadi au mshale wa kijani, unaweza kulipa kwa njia nyingine. Mshale wa kijani ndio salama kwa mgeni. Italia kibao cha njano cha Telepass ni cha vifaa, cha buluu kilichoandikwa "Carte" ni cha kadi, na cheupe chenye picha ya noti na sarafu kinapokea fedha taslimu. Ureno herufi V ya kijani ni ya Via Verde, yaani njia ya vifaa tu. Vibao hivi huonekana mita mia kadhaa kabla, na huo ndio wakati wa kuchagua. Punguza mwendo mapema, soma juu ya njia, usifuate gari la mbele eti kwa kuwa linaonekana linajua linakokwenda.

Ukishakwama, bonyeza kitufe cha msaada. Mara nyingi ni chekundu, kiko chini ya tundu la tiketi, na Italia kimeandikwa "assistenza". Sauti itatoka kwenye spika, pengine kwa lugha usiyoijua. Sema polepole neno moja: "card" au "ticket". Mhudumu anakuona kwenye kamera na ana uwezo wa kufungua. Italia, malipo yakishindikana kabisa, mashine itatoa karatasi ndefu nyembamba yenye kichwa kinachotaja "mancato pagamento", yaani malipo hayakufanyika. Ichukue. Juu yake kuna namba ya kumbukumbu, kituo ulichoingilia na kiasi unachodaiwa, na una siku 15 za kulipa bila nyongeza, mtandaoni au kwenye ofisi za huduma za barabara hiyo. Si faini bado. Watu huitupa kwenye droo ya gari wakidhani ni risiti, ikawa faini kweli.

Sababu ya pili ni tiketi isiyosomeka: imekunjwa, imelowa, au imeingizwa kichwa chini. Inyooshe, geuza upande, jaribu tena mara moja. Ikigoma, kitufe cha msaada.

Ya tatu ni umbali. Gari lenye usukani kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia linaweka mashine upande wa abiria. Ukiwa peke yako utalazimika kujinyoosha hadi kiti cha pili, na huko ndiko kadi na sarafu huangukia chini. Weka kadi na tiketi kwenye kiti cha abiria kabla hujafika, sogea karibu na ukingo kadiri uwezavyo. Ikikulazimu kushuka, zima injini, vuta breki ya mkono, ushukie upande wa mashine tu.

Gari likizimika kabisa kwenye uwanja wa kulipia, usilisukume wala usiruhusu mtu unayemkuta hapo kulivuta. Ufaransa, kwenye barabara kuu za tozo, ni magari ya kuvuta yenye kibali tu yanayoruhusiwa kuingia. Hata kampuni ya msaada uliyoilipia nyumbani haiwezi kukufuata humo. Tumia simu za dharura za rangi ya machungwa pembezoni mwa barabara, au piga 112, namba ya dharura inayofanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Dalili: kadi inakataliwa ilhali ina fedha

Anza na rahisi. Mashine nyingi za tozo haziulizi namba ya siri. Kwa hiyo kadi inayotaka namba ya siri kila muamala inaweza kukataliwa papo hapo. Kadi za kulipia kabla na baadhi ya kadi za debiti nazo hugoma, kwa kuwa mashine haiulizi benki kila mara. Halafu kuna benki yenyewe kufunga kadi ikiona miamala midogo mitano ndani ya saa tatu katika nchi ngeni. Hilo huzuilika kwa kuwaarifu kabla ya safari.

Jaribu kadi moja mara mbili, si zaidi, kisha badilisha. Kwa safari ya vibanda beba vitu vitatu: kadi ya krediti, kadi ya pili ya benki tofauti, na fedha taslimu ya nchi husika katika noti ndogo na sarafu. Noti kubwa mashine hurudisha. Ukiulizwa kwenye skrini kama unataka kulipa kwa sarafu ya nchi yako au ya hapo, chagua ya hapo. Ile nyingine hubadilishwa kwa bei isiyokupendelea.

Dalili: umetozwa zaidi ya ulivyotarajia

Tiketi imepotea. Katika mfumo wa tiketi, asiye na tiketi huhesabiwa kuwa ametoka kituo cha mbali kuliko vyote, nawe ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Risiti ya mafuta au ya kahawa yenye saa na mahali ndani ya barabara hiyo inasaidia. Mwambie mhudumu kituo ulichoingilia kabla hujalipa. Ukishalipa, inakuwa barua na kusubiri.

Kundi la gari limesomwa vibaya. Ufaransa kundi la 1 ni gari lisilozidi mita 2 kwa urefu wa kwenda juu na tani 3.5 kwa uzito unaoruhusiwa. Likizidi mita 2 lakini halijafika 3, ni kundi la 2, na bei hupanda. Sanduku la mizigo juu ya paa au baiskeli zilizofungwa huko huweza kudanganya kihisi. Angalia skrini kabla ya kulipa: ikiandika 2 na wewe una gari dogo lenye sanduku, bonyeza msaada na useme "classe 1". Italia hawatazami paa. Wanapima urefu kwenye ekseli ya mbele: hadi mita 1.30 ni kundi A, zaidi ya hapo ni B, na gari lenye ekseli tatu au zaidi, tela ikihesabiwa, lina kundi lake. Ndiyo maana gari lilelile likifungwa tela linalipa zaidi hata kama tela ni tupu.

Sababu ya mwisho ni ndogo: daraja au handaki lina tozo yake ndani ya barabara ya bure. A75 ya Ufaransa unaiendesha bila kulipa hadi ufike daraja la Millau.

Dalili: hukuona kibanda chochote, na sasa kuna barua

Hapa ni mfumo wa kamera, na tatizo halisi ni saa. Kila barabara ina muda wake, hakuna kanuni ya jumla. Hii ndiyo orodha ya kunakili kwenye karatasi kabla ya kuondoka:

- Ufaransa, A13 na A14: saa 72 tangu upite.
- Uholanzi, A24 kwenye handaki la Blankenburg: saa 72.
- Uingereza, Dartford Crossing (daraja na mahandaki) mashariki mwa London: hadi saa sita usiku ya siku inayofuata. Usiku kati ya saa 4 na saa 12 alfajiri hakuna malipo.
- Ireland, M50 kuzunguka Dublin: hadi saa 2 usiku ya siku inayofuata.
- Italia, Pedemontana Lombarda kaskazini mwa Milan: siku 15.
- New Zealand: siku 5.

Ukichelewa, gharama zinapanda kwa hatua. Ufaransa kwenye A13 na A14 unaongezewa euro 10 ukilipa ndani ya siku 15 za taarifa, euro 90 baada ya hapo, na euro 375 baada ya siku 60. Dartford faini ni pauni 70, nusu yake ukilipa ndani ya siku 14. Ona tofauti kati ya 10 na 375: ni bahasha iliyokaa mezani.

Norwei ni tofauti kidogo. Pita bila kusimama, kamera itasoma namba, bili itafuata kwa mwenye gari. Huko kutafuta pa kulipa ni kujisumbua.

Lakini wengi wanaopata barua walilipa. Kwa nini basi? Mara nyingi waliandika namba vibaya: herufi O badala ya sifuri, I badala ya 1, nafasi au kistari mahali ambapo tovuti haikutaka. Kosa la pili ni kuchagua nchi isiyo sahihi kwenye orodha ya usajili. Mfumo unatafuta namba ile katika nchi nyingine na haukuoni. La tatu ni kulipa kabla ya kupita kwa tarehe moja, kisha kupita siku nyingine. Chukua risiti, ilinganishe na bati la namba, herufi kwa herufi. Kosa likiwa ni hilo, andika pingamizi ukiambatisha risiti na picha ya bati, ukieleza herufi iliyokosewa. Mara nyingi husikilizwa, mradi uwe ndani ya muda uliotajwa kwenye barua.

Kosa la nne ni kulipa mahali pasipo. Kuna tovuti za madalali zinazofanana na za serikali na kuongeza ada yao juu, na nyingine ni za wezi kabisa. Aprili 2024 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu ujumbe mfupi wa simu unaodai una deni dogo la tozo na kukupa kiungo cha kulipia. Deni huwa dogo makusudi, ili usifikirie sana. Usibonyeze kiungo, andika mwenyewe anwani iliyoko kwenye kibao cha barabarani au kwenye tovuti ya mamlaka ya barabara.

Dalili: una vinyeti, na bado umepigwa faini

Uliza kwanza: ilikuwa imeanza kufanya kazi? Austria, mtu binafsi akinunua vinyeti ya kidijitali ya mwaka mtandaoni, huanza siku ya 18 baada ya ununuzi, kwa sababu sheria ya walaji inampa haki ya kughairi. Dereva ananunua Ijumaa, anavuka mpaka Jumamosi, anaona risiti kwenye simu na kuridhika. Risiti ina tarehe mbili. Inayohusika ni ya kuanza. Ukiwa tayari njiani, ya siku moja inakutoa kwenye mtego huo.

Pili, ilibandikwa? Uswisi vinyeti ya karatasi lazima igandishwe kwenye kioo cha mbele kwa gundi yake yenyewe. Iliyowekwa juu ya dashibodi, au kushikizwa kwa selotepu ili ihamishwe gari jingine, haihesabiki. Faini ni faranga 200, pamoja na bei ya vinyeti mpya, ambayo ni faranga 40. Uswisi haina ya wiki wala ya mwezi: ni ya mwaka tu, ingawa kwa hesabu yao mwaka una miezi 14, kuanzia Desemba 1 ya mwaka uliotangulia hadi Januari 31 ya mwaka unaofuata. Tangu Agosti 2023 ipo ya kidijitali inayofungwa kwenye namba ya gari, na kwa mwenye kioo kilichojaa stika ndiyo afadhali. Tela na karavani vinahitaji vinyeti yake.

Tatu, ni ya kundi lako? Slovenia hutofautisha 2A na 2B kwa kile kipimo cha mita 1.30 kwenye ekseli ya mbele. Vani nyingi za familia ziko karibu na mstari huo. Pima kwa futi kamba, wima kutoka ardhini juu ya ekseli ya mbele, kabla ya kununua, kwa kuwa faini huko huanzia euro 300.

Nne, kipande ulichopita hakikuwa ndani yake. Brenner imeshatajwa, handaki la Karawanken kati ya Austria na Slovenia ni jingine, na la Great St Bernard kati ya Uswisi na Italia pia hulipiwa peke yake.

Dalili: kampuni ya gari la kukodi imekata fedha wiki kadhaa baadaye

Tenganisha mistari kwenye taarifa ya kadi. Kuna tozo yenyewe, kuna faini kama ipo, na kuna ada ya kampuni kwa kazi ya kutoa jina lako kwa mamlaka. Hiyo ya tatu imo kwenye mkataba uliosaini, na mara nyingi inazidi tozo. Kupinga ada hiyo ukiwa hujalipa tozo kwa wakati ni kupoteza muda.

Unachoweza kupinga ni kulipishwa mara mbili. Ukichukua gari, piga picha bati la namba na ulize mambo mawili: je, namba hii imesajiliwa kwenye mfumo wa tozo, na je, kuna ada ya kila siku kifaa kikiwashwa? Marekani kifaa mara nyingi kiko kwenye kisanduku chenye mfuniko juu ya kioo. Kikiwa wazi kinasoma, na baadhi ya kampuni hutoza ada kwa siku hata kwa daraja moja. Funga mfuniko kama utalipa mwenyewe. Daraja la Golden Gate halijapokea fedha taslimu tangu 2013, kwa hiyo huko "nitalipa kibandani" si mpango.

Dalili: kifaa cha kielektroniki hakisomwi

Mahali pake ni nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Magari yenye kioo cha mbele kinachozuia joto yana utando wa metali unaoziba mawimbi. Tafuta eneo la nukta nyeusi, hapo utando haukuwekwa. Vifaa viwili pamoja vinaweza kukutoza mara mbili: cha pili kifunge kwenye mfuko wake wa kuzuia mawimbi. Kikishindwa vituo viwili mfululizo, huenda betri imekwisha. Rudisha kwa aliyekitoa, usikifungue.

Dalili: ramani inadai kuna tozo, barabarani hakuna

Pengine imefutwa. A22 ya Algarve, Ureno, ni bure tangu Januari 1, 2025. AP-7 ya Uhispania iliachwa wazi kati ya Tarragona na Alicante mwaka 2020, na upande wa Catalonia mwaka 2021, ila vipande vya Costa del Sol bado vinalipiwa. Kamera za Gauteng, Afrika Kusini, zilizimwa Aprili 12, 2024, lakini vibanda vya N1, N3 na N4 nje ya mkoa huo vipo palepale. Kutoona kibanda si ushahidi wa bure. Tafuta kibao chenye picha ya kamera au anwani ya tovuti kabla hujafurahi.

Pa kuacha kujitatulia mwenyewe

Barua ya kwanza unaweza kuijibu peke yako. Ikija ya pili kutoka kwa mkusanya madeni au mahakama, mkabidhi mwanasheria au shirika la madereva la nchi yako, pamoja na bahasha yenyewe, kwa kuwa tarehe ya muhuri huanzisha hesabu ya siku za pingamizi. Usilipe kiasi kidogo "kuonyesha nia". Mahali pengi hilo huhesabiwa kuwa umekiri deni lote.

Na ikiwa picha iliyoambatishwa inaonyesha gari la rangi au aina nyingine lenye namba yako, hilo si suala la tozo tena. Namba yako imeigwa. Nenda polisi wa nchi yako kwanza, upate hati ya taarifa, ndipo uipeleke kwa wanaokudai ikiwa na picha ya gari lako halisi na ushahidi wa mahali lilipokuwa siku hiyo.